Mpango wa Miaka Ishirini: Nani Aulizwe?

Siku hizi neno "mpango" lasikika kila mahali. Serikali ya Kinshasa ina mpango wake, kila jimbo (nasema jimbo la Gavana, si jimbo la Askofu) lina wake, na sasa hata sekta na sheferi zetu zatakiwa kuandika mpango wa maendeleo. Mipango mingine ni ya miaka mitano, mingine kumi, mingine ishirini na zaidi. Hayo ni mema. Mtu ajengaye nyumba bila kuhesabu matofali atalala nje. Lakini leo ningependa tuzungumze juu ya jambo moja tu la kazi hiyo, nalo ni namna ya kuwauliza raia. Sheria yataka raia waulizwe, nao waulizwa kweli. Ila kuna kuuliza na kuuliza.

Mimi ni katekista katika sekta moja ya Lualaba, nchi ya shaba na kobalti. Nilisoma seminari miaka kadhaa kabla ya kurudi kijijini na kuoa. Ndiyo sababu wakubwa wa sekta walipotafuta mtu wa kugeuza Kifaransa cha wataalamu katika Kiswahili cha kwetu, walinijia mimi. Nilizunguka nao vijijini majuma matatu, na niyasemayo hapa niliyaona kwa macho.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1949 Pierre Wigny, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, alitoa Mpango wa Miaka Kumi wa Kongo, nao ulifuatwa mpaka mwaka 1959. Uliandikwa katika vitabu vinene huko Brussels. Ndani yake zilikuwamo barabara, umeme, hospitali, shule na visima. Zilikuwamo pia zile peizana, yaani mashamba yaliyopimwa kwa mistari, kila jamaa na kipande chake, na mtumishi wa kilimo akawaonyesha watu wapande nini na wapande lini. Si haki kusema kwamba mambo yote ya mpango ule yalikuwa mabaya. Barabara nyingine tupitazo leo zilitengenezwa siku zile. Lakini je, mwenye shamba aliulizwa? Hakuulizwa. Alionyeshwa tu mstari wake.

Mwaka 1955 profesa mmoja Mbelgiji, Van Bilsen, alitoa mpango mwingine: miaka thelathini ya kuwaongoza Wakongo kufika uhuru. Katika Ubelgiji wengi walikasirika, wakaona miaka thelathini ni michache mno! Mwezi wa Julai 1956 wakristo Wakongo wa gazeti la Conscience Africaine, huko Léopoldville, walijibu kwa maandiko. Joseph Ileo alikuwa mmoja wao, naye Padri Joseph Malula, aliyekuwa kardinali baadaye, alikuwa karibu na kikundi kile. Tuangalie vizuri walichosema. Hawakuikataa ile miaka thelathini. Walichokataa ni mpango kutungwa pasipo wao. Walidai kukaa mezani pamoja na watungaji, wasipokuwamo wasitakiwe kuukubali. Mwezi uliofuata watu wa Abako walijibu kwa ukali zaidi: hapana miaka thelathini, twataka uhuru sasa. Nao uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960, bila mpango wowote. Wale wa kwanza walikuwa wameomba kitu kidogo kabisa, yaani kuulizwa tu. Uvumilivu wao haukutumiwa na mtu.

Nayakumbusha haya kwa kuwa wako wadhanio kwamba kuuliza raia ni desturi mpya iliyoletwa na wafadhili wa Ulaya. Sivyo. Wazee wetu waliidai kabla sisi hatujazaliwa, tena katika gazeti la wakristo.

Leo sheria zenyewe zimebadilika. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 yasema kwamba mji, komini, sekta na sheferi zina mali yao na uongozi wao. Mwaka 2015 Katanga ya zamani iligawanyika kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kisha mwaka 2018 ikaja sheria mpya ya migodi. Kampuni ya mgodi hulipa ushuru uitwao redevansi. Katika kila franka 100 za ushuru huo, 50 huenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, sheferi au komini ambamo mgodi umo, na 10 huwekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo kampuni yapaswa kutenga franka 3 katika kila 1,000 za mauzo yake kwa ajili ya kazi za vijiji vilivyo jirani na mgodi. Sekta nyingine za vijijini, ambazo zamani hazikuwa hata na meza ya karani, sasa zina fedha ambazo babu zetu hawakuziota.

Lakini hapo pana shimo, na mtu asipolitazama atatumbukia. Sheria ile ya 2008 yataka kila sekta iwe na baraza la washauri waliochaguliwa na raia, ndilo lichunguze mpango na hesabu. Tangu siku ile mpaka sasa washauri wa sekta na sheferi hawajachaguliwa. Mwezi wa Desemba 2023 walichaguliwa washauri wa baadhi ya komini za miji tu. Basi fedha zimefika, baraza halijafika. Mkutano wa kijiji chini ya mwembe ndio umeshika mahali pa baraza. Mkutano huo ukifanywa kwa haraka, kama kazi ya kutimiza karatasi, hakuna mlango mwingine ambao raia aweza kupitia.

Twende sasa vijijini. Siku za kwanza swali lilikuwa hili: "Ninyi watu wa kijiji hiki, mwahitaji nini?" Ni swali la heshima, sivyo? Kijiji cha kwanza kilijibu: shule, zahanati, maji, barabara, mashini ya kusaga. Kijiji cha pili: maji, barabara, zahanati, shule, mashini ya kusaga. Jioni ya siku ya nne ningaliweza kujaza karatasi zote nikiwa nyumbani kwangu. Watu hawakusema uongo, maana vitu hivyo vyote wanavikosa. Lakini ukimwuliza mwenye njaa ataka nini, atajibu bukari. Jibu lake ni kweli, ila halikuonyeshi shamba lilimwe wapi. Tena katika orodha ya vitu vyote hakuna kilichochaguliwa, kwa hiyo atakayechagua ni yule abakiaye na kalamu ofisini.

Hata mipango mikubwa imepata taabu hiyo. Mnaujua ule mpango wa teritwari 145, ambao kazi zake zilianza mwaka 2022. Hesabu yake kwa nchi nzima ilikuwa shule 1,210, vituo vya afya 788, na majengo ya utawala 145, yaani jengo moja kwa kila teritwari. Mimi sitaudharau mpango uwapao watoto madarasa. Lakini teritwari 145 hazifanani. Moja yalia kwa sababu ya vita, nyingine kwa sababu ya mto usio na daraja, nyingine kwa sababu mgodi umekula mashamba. Ukiwapimia wote kanzu moja, mfupi ataikanyaga na mrefu ataonekana magoti.

Katika kijiji cha tano mambo yaligeuka. Mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani wa mgodi, aliinuka akaniambia: "Mwalimu, umwulize bwana huyu, fedha ni kiasi gani?" Karani wa sekta akajibu upesi kwamba habari za hesabu ni za ofisi. Mzee hakukasirika. Akasema: "Baba, ukinituma sokoni bila kunionyesha fedha, nitakuletea maneno." Watu wakacheka, karani naye akacheka, lakini neno lilikwisha ingia. Usiku ule tulibishana sana tulipolala, na yule mtaalamu wa mjini (namsifu, kwa maana si wote wangalikubali) akaamua kufungua hesabu.

Kesho yake tuliandika yote ubaoni katika shule: zile franka 100 na njia zake nne, kiasi sekta ilichopokea mwaka uliopita, bei ya shule ya madarasa sita, bei ya kisima cha pampu, bei ya kilometa moja ya barabara ya udongo. Wengi hawakuwa wamesikia hata siku moja kwamba 15 katika 100 ni za sekta yao. Kimya kilikuwa kikubwa. Halafu kila kundi likapewa punje 100 za mahindi ziwe fedha yake, likaambiwa lizigawe juu ya picha zilizochorwa chini. Ukitaka zahanati, weka punje kadiri ya bei yake. Zikiisha, zimekwisha.

Hapo ndipo maongezi yalipoanza kweli. Wanaume waliweka karibu zote juu ya barabara. Wanawake walikuwa wamekaa kando, na katika mkutano wa kwanza hawakusema zaidi ya "ndiyo". Walipofanya kundi lao chini ya paa la jiko la shule, waliziweka juu ya maji na mashini ya kusaga, na mama mmoja alitoa sababu ambayo haikuwa katika karatasi yoyote: tangu mgodi ulipozungushiwa ua, njia ya kwenda mtoni imekuwa ndefu mara mbili, na wasichana hufika shuleni wakiwa wamechelewa au hawafiki kabisa. Basi kisima kilikuwa pia habari ya shule. Wanaume waliposikia hayo walinyamaza, wengine wakainuka wakahamisha punje. Si wote. Mmoja alishika zake mkononi mpaka mwisho.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: mgodi utakwisha lini? Katika Lualaba hili si fumbo la wataalamu. Wazee wa Kolwezi na Likasi walikwisha kuliona jibu lake. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitwaliwa na taifa mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 40,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa pamoja na malipo ya mwisho mkononi. Shaba ilikuwa bado imo ardhini. Lakini shule, hospitali na unga wa kila mwezi vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja, na kamba ilipokatika vyote vilianguka pamoja.

Tena hatuhitaji kwenda mbali namna hiyo. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilisimamisha kupeleka kobalti ng'ambo kwa sababu bei ilikuwa imeshuka mno, na mwezi wa Oktoba ikaruhusu tena kwa vipimo vilivyowekwa. Sisemi kwamba ilikosea. Mwenye mali aweza kuzuia mali yake isiuzwe bure. Nasema tu kwamba mpango wa miaka ishirini uliosimama juu ya ushuru wa jiwe moja wasimama juu ya mguu mmoja.

Tulipoyasimulia haya, tukauliza: "Siku mgodi utakapofungwa, mtoto aliyezaliwa mwaka huu atakula nini?" Punje zikaanza kusafiri tena. Barabara ilibaki, lakini sasa walitaka ile iendayo kwenye mashamba na soko, si ile iendayo kwenye lango la mgodi. Wakatokeza vitu ambavyo siku za kwanza havikutajwa na mtu: mbegu za mihogo isiyoshikwa na ugonjwa, miti ya kupanda mahali pa msitu uliokwisha kwa makaa, shule ya ufundi. Kijana mmoja mchimbaji wa mikono alisema waziwazi: "Miaka ishirini ni yenu. Mimi nataka kula kesho." Wazee walitaka kumkemea, lakini mimi naona alisema la maana. Njaa hufupisha macho. Mpango wa mbali usiokuwa na kitu cha mwaka wa kwanza hauwezi kulindwa na vijana, maana hawatakuwapo; watakuwa mashimoni.

Sasa niseme habari ya lugha, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kifaransa cha mipango kina maneno yake. Katika kijiji kimoja mwenzangu mmoja aligeuza neno la "stratégie" akasema "mbinu". Watu wakanong'onezana: kumbe serikali imetuletea mbinu! Ilibidi kuanza upya. Mimi nilipendelea kusema "njia ya mbali", na kila mtu aliyewahi kwenda kwa miguu alielewa kwamba njia ya mbali hutaka chakula cha safari, mahali pa kulala, na mtu wa kuijua mito. Lile neno la "priorité" niliita "la kwanza". Mzee mmoja akauliza mara moja: "La kwanza kwa nani?" Naweza kusema kwamba katika majuma yale matatu sikusikia swali lililopita hilo.

Katiba yetu ya mwaka 2006 yataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, nayo yaagiza kwamba sheria zienezwe kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo katika siku sitini. Kama sheria yastahili, je, mpango wa kijiji haustahili? Majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walizindua Dira yao ya mwaka 2050 mwezi wa Julai 2025, nao huisoma kwa Kiswahili. Hatuna sababu ya kushindwa sisi, tunaohubiri, tunaouza na tunaogombana kwa Kiswahili kila siku.

Baada ya miezi minne karatasi ya mpango ilirudi kutoka mjini, kurasa zaidi ya themanini, Kifaransa kitupu. Desturi ni kwamba wakubwa wachache hukutana, husikiliza maneno ya jumla, hupiga makofi, na mpango huitwa umekubaliwa. Mtaalamu wetu alikubali kwamba usomwe tena vijijini. Nilikesha siku nyingi nikiufupisha kuwa kurasa nne za Kiswahili. Nilipofika kwenye orodha ya kazi za mwaka wa kwanza nilisoma mara mbili: kazi ya kwanza ilikuwa jumba la mikutano la sekta lenye vyumba vya wageni. Hakuna kijiji kilicholitaja. Nikaliandika kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza, nikalisoma mbele ya watu kwa sauti ileile niliyosomea mengine.

Mama mmoja mjane, mwenye kuuza samaki wakavu, akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "punje zetu ziko wapi?"

Hakuna aliyepiga kelele. Ila katika kila kijiji kilichofuata swali hilo lilitutangulia, maana maneno ya sokoni hukimbia kuliko pikipiki. Wakubwa wa sekta walikutana siku mbili. Wengine walisema raia hawajui heshima ya sekta, kwamba wageni wakija watalala wapi? Nami sikatai, wageni hutaka mahali pa kulala. Lakini ubao wa shule ulikuwa umeonwa na watu wengi mno, na hesabu haikuweza kufichwa tena. Jumba likasogezwa mwaka wa sita. Visima viwili na barabara ya soko vikawekwa mwaka wa kwanza, mashini ya kusaga mwaka wa pili. Shule ya ufundi iliandikwa, lakini bila mwaka wala bei, na mimi sina tumaini kubwa na kitu kisicho na bei. Miti ya kupanda ilipotea kabisa katika orodha. Wazee wawili wa kijiji cha tano wameandika barua juu yake.

Watu waliomba pia jambo ambalo wataalamu hawakuliwaza: kila mwaka, baada ya mavuno ya mahindi, karani aje mbele ya ubao uleule aonyeshe kilichoingia na kilichotoka. Wakubwa wa sekta wameliandika katika ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kidogo kuliko nyingine, lakini limeandikwa, na tarehe yake imo.

Mpango sasa uko njiani, wangoja sahihi za juu. Kurasa nne za Kiswahili zimebandikwa kwenye mlango wa shule, kwenye kapela tatu, na kwa muuza mafuta ya taa sokoni, aliyeziomba mwenyewe. Mvua zimeanza, kwa hiyo zile za shule tumezifunika kwa nailoni.